Ndago mwavuli: jina moja, mimea miwili

Unaujua mmea huu hata kama hujawahi kuuliza jina lake. Bua la kijani linapanda wima kutoka majini, laini, bila jani wala kifundo, mpaka kimo cha kiuno cha mtu au zaidi. Kisha kileleni majani membamba yanatawanyika pande zote kwa mkupuo mmoja, kama njiti za mwavuli uliovuliwa kitambaa. Hupandwa kando ya vidimbwi vya bustani, kwenye vyungu vya barazani na ndani ya nyumba karibu na dirisha. Muuza miche mmoja atakuambia ni mafunjo madogo. Mwingine atasema ni nyasi ya maji. Kibandiko cha chungu kitasema Cyperus alternifolius, asili yake Madagaska.

Maelezo yote matatu yana walakini, na walakini mkubwa uko kwenye lile linaloonekana la kitaalamu zaidi. Mmea huu si nyasi na si mafunjo. Tena, karibu kila unapouzwa duniani, si mmea wa Madagaska. Mmea wa Madagaska upo kweli na una haki kamili ya jina hilo, ila uliokalia chungu ni ndugu yake wa bara. Hapa nitauita ndago mwavuli, kwa kuwa ni wa ukoo wa ndago na sura yake ni ya mwavuli. Nitakapohitaji kutenganisha, nitasema wa kisiwani na wa bara.

Nianze na hilo la nyasi, maana ndilo jepesi. Ndago wana ukoo wao, Cyperaceae, wenye spishi zaidi ya 5,000. Nyasi za kweli, yaani ukoo wa mpunga, mahindi, mianzi na ukoka, ni ukoo mwingine. Kwa mbali wanafanana, lakini vidole huwatenganisha haraka kuliko macho. Bua la nyasi kwa kawaida ni mviringo, mara nyingi lina uwazi ndani, na lina vifundo vinavyoligawa kuwa pingili. Bua la ndago kwa kawaida lina pembe tatu na ndani limejaa. Kwenye ndago mwavuli pembe hizo ni butu, kwa hiyo lizungushe bua polepole kati ya kidole gumba na cha shahada, hasa karibu na kilele, nazo zitajitokeza.

Pembe hizo tatu zinakwenda sambamba na namna majani yanavyopangika. Majani ya nyasi hutoka kwa safu mbili, moja kulia na moja kushoto. Majani ya ndago hutoka kwa safu tatu. Linalofuata halikai mkabala na lililotangulia, bali huruka theluthi ya mzunguko. Ala ya jani, ile sehemu inayolikumbatia bua, nayo hutofautiana. Kwenye nyasi huwa aghalabu imepasuliwa upande mmoja kama kanzu iliyofunguliwa vifungo, na kwenye ndago imeziba kama mkono wa shati. Zipo ndago zinazovunja desturi hizi, zikiwamo zenye bua la mviringo kabisa, lakini zikichukuliwa pamoja alama hizi hazipotezi mtu.

Wengi tukisikia neno ndago hukumbuka Cyperus rotundus, ile kwekwe yenye vitunguu vidogo ardhini ambayo ukiing'oa leo kesho imeota tena. Hiyo ni jamaa wa karibu, wa jenasi ile ile, yaani kundi lile lile la spishi zenye undugu, ya Cyperus. Jenasi hiyo ni kubwa ajabu. Kwa hesabu za sasa ina spishi zaidi ya 900, ikiwa na kwekwe, mafunjo ya Misri, ndago zinazolimwa kwa chakula na ndago za kusukia mikeka. Ndago mwavuli ni mmoja katika umati huo. Ni mmea wa kudumu: haufi baada ya kutoa mbegu, bali hurudi mwaka baada ya mwaka kutoka kwenye shina nene fupi linalotambaa chini ya tope.

Sasa yale majani ya kileleni. Hapa ndipo mmea wenyewe unapodanganya, na jina la Kilatini limedanganyika pamoja na watu. Neno alternifolius maana yake ni "mwenye majani yanayopokezana". Lakini njiti zile za mwavuli si majani ya kawaida. Ni brakti, yaani majani maalumu yanayokaa chini ya shada la maua. Majani yenyewe ya ndago mwavuli yako chini kabisa, kwenye kitako cha bua, na yamepungua mpaka yakabaki ala za rangi ya kahawia zisizo na bapa. Mtu anaweza kuumwagilia mmea huu miaka mingi asizitambue kuwa ni majani.

Sehemu yote kati ya ala hizo na mwavuli wa juu ni pingili moja tu iliyorefuka. Ndiyo maana bua halina kifundo hata kimoja. Kazi ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, ambayo mimea mingi huyaachia majani, hapa hufanywa na bua la kijani likisaidiana na brakti. Ukifikiria mahali mmea unapopenda kukaa, mpango huu unaeleweka. Kando ya mto na kwenye kinamasi maji hupanda na kushuka, na jani lililo karibu na ardhi litafunikwa na maji au tope. Brakti zilizoinuliwa mita moja juu hubaki juani na hewani. Mimi huliona hilo kuwa jambo zuri kuliko yote kwenye mmea huu: umelihamisha dari lake lote mpaka kwenye ua.

Ua lenyewe halivutii macho. Juu ya brakti, vijiti vyembamba hujitawanya vikiwa na vishuke vidogo bapa, vya kijani kibichi mwanzoni na kahawia baadaye. Hakuna petali za rangi, kwa kuwa chavua hubebwa hasa na upepo na upepo hauhitaji kuvutiwa.

Brakti zina kazi nyingine. Kwenye makwapa yake, pale kila moja inapokutana na bua, kuna vichipukizi vilivyolala. Bua likizeeka na kuinama, au likiangushwa na mafuriko, mwavuli hugusa maji. Ndani ya siku chache au wiki chache vichipukizi vile huamka, hutoa mizizi na mabua mapya, na bua la zamani huoza likiacha mche unaojitegemea umbali wa mita nzima kutoka kwa mama yake. Watunza bustani waliliona hilo na kuligeuza kuwa mbinu. Hukata kichwa cha mwavuli pamoja na kipande kifupi cha bua, hupunguza urefu wa brakti, kisha hukielekeza kichwachini ndani ya glasi ya maji. Anayeona mara ya kwanza hudhani kimewekwa kimakosa, kumbe ndivyo kinavyoota.

Njia hii ya uzazi ina matokeo makubwa kwa hadithi ya jina. Mche unaotoka kwenye kwapa la brakti ni nakala ya mama yake, bila kuchanganyika na mwingine. Mmea mmoja uliofika kwenye bustani moja ya Ulaya ungeweza kugawanywa kwa majirani, kisha kwa wauzaji, kisha kwa nchi nyingine, na kila nakala ikaondoka na kibandiko kile kile. Kibandiko kikiwa na kosa, kosa nalo linanakiliwa.

Kabla ya jina, nimalize la mafunjo. Mafunjo ya Misri, Cyperus papyrus, na ndago mwavuli ni wa jenasi moja, wote wana bua refu lisilo na majani na shada kileleni. Lakini ndani ya jenasi ya Cyperus kuna mpaka usioonekana kwa macho, nao unapita katikati yao. Mimea mingi hukamata hewa ya kaboni kwa njia ya kawaida ya usanisinuru, ambayo wanasayansi huiita C3. Kundi moja kubwa la Cyperus lilipata njia ya ziada, C4, inayoikusanya hewa hiyo kwanza na kuirundika pale inapohitajika, hivyo mmea haupotezi nguvu nyingi kwenye joto kali na jua la utosi. Mafunjo yako upande wa C4, na hiyo ni sehemu ya siri ya kasi yake ya kukua. Kwekwe ya shambani iko huko huko. Ndago mwavuli iko upande wa C3. Kwa hiyo mafunjo, pamoja na urefu na fahari yake, ni jamaa wa karibu zaidi wa ndago ya shambani kuliko wa huu mmea unaouzwa kama mtoto wake. Sura imefanana kwa sababu ya maisha ya kinamasi.

Jina la mwavuli lenyewe nalo limegawanywa. Mimea ya Schefflera, miti midogo ya ndani ya nyumba yenye vijani vilivyopangika kama kiganja, huitwa mwavuli vilevile katika lugha kadhaa. Hiyo si ndago hata kidogo, na ina chembe zinazowasha kinywa cha paka na mbwa. Mwenye paka anayependa kutafuna mabua hapaswi kusoma maelezo ya mmea mmoja akidhani ni ya mwingine.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Mwaka 1767 Carl Linnaeus, Mswidi aliyeeneza utaratibu wa kuipa kila spishi jina la maneno mawili, alichapisha jina Cyperus alternifolius. Jina hilo ni la ndago mwavuli wa kisiwani, wa Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walikiita Bukini. Vitabu vingine huongeza visiwa vya Réunion na Mauritius, vilivyo mashariki yake. Miaka mitano baadaye, 1772, Christen Friis Rottbøll, daktari na mwanabotania wa Denmark, alichapisha Cyperus involucratus. Mwaka 1773 yeye huyo akatoa jina lingine, Cyperus flabelliformis, yaani "wenye umbo la upepeo". Majina yote mawili ya Rottbøll ni ya ndago mwavuli wa bara, unaoota kandokando ya mito na vijito katika sehemu kubwa ya Afrika na kuvuka mpaka Rasi ya Arabu.

Nalipenda jina involucratus, kwa kuwa linasema kweli. Involukri ni neno la wanabotania la duara la brakti linalolizunguka shada la maua. Linnaeus alizitaja zile njiti kuwa majani, Rottbøll akazitaja kwa kazi yake halisi.

Kama mambo yangebaki hapo pasingekuwa na la kufafanua: spishi mbili, majina mawili. Lakini mimea hii miwili inafanana mno. Mpita njia hawezi kuitenga, na hata mtaalamu anahitaji kielelezo kizuri chenye maua mkononi. Wapo waliotazama vielelezo vilivyokaushwa na kuona kwamba ni spishi moja yenye sura mbili. Hapo sheria ya majina ya mimea inaingia kazini. Sheria hiyo husema kwamba spishi moja ikiwa na majina kadhaa, lililochapishwa kwanza kihalali ndilo linalotumika. La 1767 linalishinda la 1772. Ukizijumlisha, mmea wa bara wote, kutoka kusini mwa Afrika hadi Yemen, unaingia chini ya jina la mmea wa kisiwani.

Aliyelipa wazo hilo umbo lake la kudumu ni Georg Kükenthal, mchungaji wa kanisa wa Ujerumani ambaye pia alikuwa bingwa wa ndago. Katika kazi yake kubwa juu ya jenasi ya Cyperus, iliyotoka 1935 na 1936, aliufanya mmea wa bara kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi: Cyperus alternifolius nususpishi flabelliformis. Msomaji makini atauliza kwa nini alichukua flabelliformis ya 1773 na kuiacha involucratus iliyo kongwe zaidi. Jibu ni kwamba ukongwe wa jina hulindwa ndani ya daraja lake tu. Jina lililo kongwe kama spishi halina haki yoyote likishushwa kuwa nususpishi, na mtaalamu yuko huru kuchagua. Kwa hiyo mmea ule ule wa bara una neno moja ukihesabiwa kuwa spishi na neno lingine ukihesabiwa kuwa nususpishi. Watu hudhani hayo ni majina ya mimea tofauti, kumbe ni cheo kilichobadilika.

Upande wa pili haukunyamaza. Mwaka 1975 mwanabotania H. Baijnath alichapisha katika jarida la Kew Bulletin uchunguzi wa kundi hili zima, na kazi hiyo hutajwa na wale wanaozitenga kuwa spishi mbili. Vitabu vya mimea vya Amerika Kaskazini na Australia huuita mmea wa bara Cyperus involucratus. Orodha ya dunia inayotunzwa na bustani ya Kew, London, imekuwa ikifuata mfumo wa nususpishi. Wote wawili wanafuata sheria. Wanatofautiana juu ya swali ambalo sheria haiwezi kulijibu: tofauti iwe kubwa kiasi gani ndipo tuseme ni spishi mbili?

Wanachokubaliana ni kwamba kuna mmea wa kisiwani na kuna mmea wa bara, na kwamba unaopandwa duniani kote ni wa bara. Biashara ya maua haikuwahi kuufuata mjadala huu. Ilishika Cyperus alternifolius, ikaacha neno la nususpishi lianguke njiani, na kibandiko kikaongezewa "Madagaska" kwa sababu ndivyo vitabu vilivyosema juu ya jina hilo.

Kosa hili lina uzito, na mfano mmoja wake uko kwenye maji machafu. Ndago mwavuli hutumika sana katika vinamasi vya kutengenezwa, yaani vidimbwi vya kokoto vinavyosafisha majitaka kwa mimea. Unastahimili kukaa majini daima kwa kuwa ndani ya bua na mizizi yake kuna njia za hewa. Oksijeni hushuka kupitia njia hizo mpaka kwenye mizizi na nyingine huvuja kwenye tope linaloizunguka. Bakteria wanaohitaji oksijeni huishi hapo na kuigeuza amonia kuwa nitrati. Sentimita chache pembeni, kwenye tope lisilo na hewa, bakteria wengine huigeuza nitrati hiyo kuwa gesi ya nitrojeni inayopotea angani. Fosforasi haina njia ya kupotea hivyo. Kiasi ambacho mmea umekifyonza huondoka pale tu mabua yanapokatwa na kupelekwa kwingine. Makala nyingi za utafiti wa kazi hii huutaja mmea kuwa Cyperus alternifolius, ilhali miche hutoka kwenye vitalu vile vile vya biashara. Kwa hiyo mengi tunayodhani tunayajua kuhusu ndago wa kisiwani tumeyajifunza kwa ndago wa bara.

Mfano mwingine ni uvamizi. Mmea unaozaliana kwa mbegu, kwa shina la chini na kwa mwavuli ulioanguka haukai ndani ya bustani. Ndago mwavuli umetoroka na kujistawisha Hawaii, Florida, Australia na kwenye visiwa vingi vya Pasifiki, ukiziba kingo za vijito. Anayetaka kuudhibiti mmea wa namna hiyo kwa kutumia wadudu au magonjwa yake ya asili huenda kuyatafuta mahali ulikotoka. Kibandiko kitampeleka Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, wakati maadui wa mmea huu wako kwenye mito ya bara.

Na linalonigusa zaidi ni mmea wa kisiwani wenyewe. Madagaska ina ndago zake nyingi, na watu wake wanazijua kwa majina. Zozoro, Cyperus madagascariensis, ni mafunjo ya huko na hutumika kwa mikeka na kuezekea. Penja, ndago nyingine ya vinamasi, husukwa kuwa vikapu na mikeka. Katika vinamasi vya Ziwa Alaotra, vilivyojaa zozoro na matete, anaishi lemuri wa pekee, Hapalemur alaotrensis, ambaye huzaliwa, hula na kufa ndani ya mabua hayo na hapatikani mahali pengine popote. Eneo hilo liliingizwa mwaka 2003 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini vinamasi vyake vimeendelea kukatwa na kuchomwa ili kupata mashamba ya mpunga. Kwenye kisiwa cha aina hiyo, kujua ni ndago gani iko wapi na ni nyingi kiasi gani ni kazi ya lazima. Mmea ambao jina lake limo kwenye vyungu vya kila bara hauwezi kuonekana adimu hata kama ungekuwa adimu. Mtu akisoma orodha atauona kila mahali, na hatakuwa na sababu ya kwenda kuutazama kwenye kijito chake.

Mwenye ndago mwavuli nyumbani anaweza kuuweka mguu mmoja majini bila hofu. Chungu kikae ndani ya sahani yenye maji, mahali penye mwanga, kisipatwe na baridi chini ya nyuzi 10 hivi. Ncha za brakti zikikauka na kuwa kahawia, aghalabu ni maji au unyevu wa hewa uliopungua.

Kuhusu kibandiko, majina mawili yanafaa. Anayeziona kuwa spishi mbili aandike Cyperus involucratus. Anayeona ni spishi moja aandike Cyperus alternifolius nususpishi flabelliformis, bila kuliacha neno la mwisho. Na penye nafasi ya asili, badala ya Madagaska, iandikwe Afrika bara na Rasi ya Arabu.